Bango Halisemi Kitu: Jinsi ya Kutafuta Kosa Katika Kazi ya Usanifu

Malalamiko yanayofika kwenye meza ya msanifu wa mabango mjini Kisumu ni machache kwa idadi, ingawa kila mteja huyaeleza kwa maneno yake. Mmoja atasema kazi imepooza, mwingine atasema haina nguvu, wa tatu atataka iongezwe rangi, na wa nne atakaa kimya akiitazama huku akikuna kidevu. Tatizo ni kwamba mahali anapolalamikia mteja si lazima pawe ndipo palipoharibika. Mgonjwa mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo huweza kulalamikia maumivu ya bega la kulia, na daktari akilikanda bega hatamponya. Ndivyo ilivyo pia kwa msanifu anayeongeza rangi kwa sababu ameambiwa aongeze rangi, ilhali kilichokosekana ni tofauti ya mwanga na giza.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, nikashuka hadi ile ya nadra, na nimetaja mahali ambapo inafaa kuacha kujaribujaribu na kumwita mwenye ujuzi huo au kupeleka suala kwa ofisi inayohusika.

Vipimo vya bure, kabla ya kugusa faili

Ichapishe kazi kwenye karatasi ya A4, uibandike ukutani, kisha urudi nyuma mita 3, yaani hatua nne za kawaida. Bango la upana wa mita 3 likitazamwa kutoka mita 30 huchukua nafasi ileile machoni kama karatasi ya A4 iliyolazwa ikitazamwa kutoka mita 3, kwa hiyo usichokiona chumbani hutakiona barabarani. Ukiwa hapo, finya macho mpaka maandishi yapotee na yabaki mabaka ya giza na mwanga, uone ni baka lipi linalojitokeza kwanza. Halafu itoe fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Mwisho, igeuze juu chini, kwa kuwa jicho lisiloweza kusoma hulazimika kuona maumbo na uzito wake. Vipimo hivi havimalizi dakika kumi, na mimi nimewahi kuviruka nikalipa gharama ya mabango matano ya turubai kutoka mfukoni mwangu.

Dalili ya kwanza: watu hulitazama bango, lakini hawajui linatangaza nini

Hii ndiyo dalili kuu ya mabango ya mikutano ya injili, harambee na sherehe za shule, na sababu yake ya kawaida ni kwamba vitu vyote vimepewa ukubwa unaokaribiana. Picha ya mchungaji, picha ya mkewe, wahubiri wageni sita, kwaya, mada ya mkutano, aya ya Biblia, uwanja, tarehe na nambari tatu za simu zote zimegawiwa sehemu sawa, kana kwamba karatasi ni sufuria ya kupakuliwa kwa haki. Katika matanga ambapo kila mtu analia kwa sauti moja, mgeni hawezi kumtambua mfiwa. Mkazo katika usanifu ni uhusiano kati ya kitu na jirani zake. Herufi huwa kubwa kwa sababu ya udogo wa zile zilizo kando yake, wala hakuna ukubwa unaojitosheleza wenyewe.

Ukaguzi wa kwanza ni swali, na ninaliuliza kwa adabu kabla ya kufungua kompyuta: “Pasta, mtu akipita na kukumbuka jambo moja tu, ungependa liwe lipi?” Jibu la kwanza huwa ni orodha. Nasubiri. Jibu la pili mara nyingi huwa ni neno moja au mawili, na hayo ndiyo yatakayokaa kwenye ngazi ya juu. Baada ya hapo gawa yaliyobaki katika ngazi mbili: yale ambayo mtu aliyevutiwa atayatafuta, kama vile mahali na tarehe, na yale ambayo atayasoma akiwa amesimama karibu. Acha pengo la kweli kati ya ngazi na ngazi. Maandishi ya ngazi ya pili yakiwa na nusu ya kimo cha ngazi ya kwanza, jicho huelewa papo hapo. Yakiwa madogo kwa sehemu ya kumi tu, jicho hudhani kwamba fundi alikosea kupima.

Ikiwa ngazi zipo na dalili haijaondoka, angalia kama mkazo umekaa mahali pasipostahili. Uso wa mwanadamu huvuta macho kuliko karibu kila kitu kingine kinachoweza kuwekwa kwenye karatasi, na ndiyo maana picha ya mkurugenzi kwenye tangazo la mbegu za mahindi huwafanya watu wamkumbuke mkurugenzi na kuzisahau mbegu. Angalia pia uso huo unatazama wapi. Mtu aliyepigwa picha akitazama kulia, kisha akawekwa kwenye ukingo wa kulia, humwongoza msomaji nje ya bango. Mhamishie kushoto ili atazame maneno.

Sababu ya tatu ni wingi wa maneno ukilinganishwa na muda wa msomaji. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo mijini nchini Kenya, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Bango linaloanza kusomeka kutoka mita 60 lina sekunde nne hivi za kusomwa na dereva ambaye, kwa matumaini yetu sote, anaiangalia pia barabara. Mimi huweka maneno saba kuwa mwisho wa bango la barabarani. Aya nzima ya Biblia ina mahali pake kwenye kipeperushi ambacho mtu hukisoma ndani ya matatu akisubiri lijae.

Simama hapa ikiwa ubishi uliobaki ni juu ya picha ya nani iwe kubwa kuliko ya nani. Hilo ni suala la kamati, na msanifu anayejaribu kulitatua kwa kusogeza picha milimita mbili huku na mbili kule atachapisha upya mara tatu. Rudisha kazi, omba uamuzi ulioandikwa na kutiwa saini, ndipo uendelee. Simama pia kabla ya kusimika bango lolote la nje. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka udhibiti wa matangazo ya nje mikononi mwa serikali za kaunti, na kando ya barabara kuu hifadhi ya barabara ina msimamizi wake, kwa hiyo ulizia vibali kwanza. Na kama nguzo itasimama karibu na nyaya za umeme, kazi hiyo si ya kijana mwenye ngazi, hata awe jasiri namna gani.

Dalili ya pili: maandishi yanasomeka kwenye kompyuta, lakini hayasomeki kutoka mbali

Nusu ya siri ya dalili hii imefichwa kwenye bendera ya taifa. Bendera iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963 ina nyeusi, nyekundu na kijani, na kati ya rangi hizo kuna mistari myembamba ya nyeupe. Sote tulifundishwa shuleni kwamba nyeupe ni amani. Hata hivyo, mistari hiyo inafanya pia kazi ya macho: inazitenganisha rangi ambazo uzito wake wa giza unakaribiana, na bila hiyo bendera ikitazamwa kutoka mbali ingeonekana kama kitambaa cheusi chenye kivuli.

Sababu inayoongoza, basi, ni kuchanganya tofauti ya rangi na tofauti ya mwanga. Nyekundu na kijani ni rangi mbili zilizo mbali sana kwa jina, ilhali kwa mwanga huweza kuwa karibu sawa. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, kuhusu usomekaji kwenye skrini inataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya usuli wake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyekundu kali juu ya kijani cha wastani haifiki hata 1.5 kwa 1. Njano juu ya nyeupe inakaribia 1 kwa 1, maana yake ni kwamba jicho linaona mwanga juu ya mwanga. Tena, wapo watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, wengi wao wakiwa wanaume kwa sababu za kurithi, na kwao bango la namna hiyo halina maandishi kabisa. Fotokopi ya nyeusi na nyeupe itakuonyesha kosa hili bila hisabati yoyote: maneno yakimezwa na kijivu, rangi hizo hazifai kulala pamoja. Dawa rahisi ni kuipeleka rangi moja gizani zaidi na nyingine kwenye mwanga zaidi. Dawa ya bendera, yaani mstari mweupe kuzunguka herufi, hufaa pale ambapo rangi za shule au za chama haziwezi kubadilishwa, mradi mstari uwe mnene wa kutosha na usitiwe kivuli juu yake.

Sababu ya pili ni kimo cha herufi. Kanuni ya zamani ya mafundi wa vibao ni sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali, ikiwa msomaji anatakiwa asome bila kujitahidi. Kibao cha duka kinachosomwa kutoka ng’ambo ya barabara, tuseme mita 18, kinahitaji herufi za sentimita 15. Ukikuta kibao cha duka la dawa kimeandikwa jina la mmiliki, vyeti vyake vyote na saa za kazi kwa herufi za sentimita 4, ujue kimeandikiwa watu ambao tayari wako mlangoni.

Halafu kuna umbo la herufi zenyewe. Herufi za mwandiko wa kukunjana zinapendeza kwenye kadi ya harusi na huangamia barabarani. Herufi nyembamba mno hupotea kwenye jua kali, na zile nene mno huziba matundu ya ‘a’ na ‘e’ mpaka kila neno likawa tofali. Sentensi nzima ikiandikwa kwa herufi kubwa tupu, maneno hupoteza mwinuko na mteremko unaoyatambulisha, jambo linaloumiza zaidi kwa Kiswahili chenye maneno marefu kama “tunawakaribisha”. Herufi kubwa zibaki kwa neno moja au mawili.

Sababu ya nadra, ambayo ilinichukua muda kuigundua kwenye kibao kimoja karibu na Kondele, ni mng’ao. Turubai linalong’aa likielekezwa magharibi hurudisha jua la alasiri machoni mwa wapita njia, na hakuna rangi itakayokuokoa. Agiza lisilong’aa, au liinamishe kidogo kuelekea chini.

Dalili ya tatu: kazi inaonekana imejaa, na jicho halijui lianzie wapi

Mteja hapa husema “punguza maneno”. Mara nyingine ni kweli. Hata hivyo, nimeona kazi zenye maneno mengi zilizotulia, na nyingine zenye maneno kumi na mawili zilizo kama soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Ichukue kanga uitazame kama msanifu. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lililokaa sehemu ya chini ya mji. Pindo huweza kuwa na nakshi nyingi mno, lakini nakshi hizo zinarudiwa kwa mdundo mmoja, kwa hiyo jicho huzihesabu kama kitu kimoja. Mji hupewa pumzi yake. Jina halipandi juu ya maua wala halijibanzi kwenye pindo. Kanga imejaa, na haina vurugu, kwa sababu kila kitu kinajua eneo lake.

Kwa hiyo anza kukagua ukaribu. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza kwamba macho hukusanya vitu vilivyo karibu na kuvichukulia kuwa kundi moja, hata kabla ya kuvisoma. Kosa la kawaida ni kuacha nafasi zilezile kila mahali: kati ya kichwa na maelezo yake, kati ya maelezo na kichwa kinachofuata, kati ya tarehe na uwanja. Msomaji hupata orodha ndefu isiyo na viungo. Sogeza kichwa kikaribiane na maelezo yake, kisha uache nafasi mara mbili au tatu zaidi kabla ya kichwa kingine. Mara nyingi hatua hii pekee humaliza malalamiko, bila neno hata moja kufutwa.

Ikiwa haitoshi, pima mistari ya upangaji. Chora mistari ya wima kupitia mwanzo wa kila kipande cha maandishi na kila picha. Ukipata mistari saba kwenye karatasi moja, umempata mwizi. Punguza hadi miwili au mitatu, na uache tabia ya kuweka kila kitu katikati, kwa sababu maandishi ya katikati hayana ukingo ambao jicho linaweza kurudi nao. Kisha hesabu fonti, yaani aina za herufi. Mbili zinatosha kazi karibu zote, moja ya vichwa na nyingine ya maelezo, na zitofautiane waziwazi. Fonti mbili zinazofanana nusunusu huonekana kama kosa la kompyuta ya saiba.

Sababu ya mwisho ni hofu ya nafasi tupu. Mteja aliyelipia ukurasa mzima huhisi ameibiwa akiona pembe haina kitu, na mimi simlaumu, kwa sababu pesa ni yake. Ninachofanya ni kumwonyesha nakala mbili za A4 kutoka mita 3, moja iliyojazwa na nyingine yenye pambizo, nikimwacha achague mwenyewe. Sijawahi kushinda ubishi huu kwa maneno.

Dalili ya nne: kazi inaegemea upande mmoja

Igeuze juu chini. Upande utakaoonekana kuzama ndio wenye uzito. Uzito hutokana na ukubwa, na giza, na rangi ya moto kama nyekundu, na wingi wa nakshi. Kitu kidogo cheusi huweza kusawazisha kitu kikubwa cha rangi hafifu, kama mtoto anavyomsawazisha babake kwenye bembea ya ubao akikaa mbali zaidi na katikati. Usikimbilie kuweka vitu sawa kulia na kushoto. Ulinganifu wa namna hiyo unafaa vyeti na kadi za mwaliko, lakini kwenye bango la biashara huleta usingizi. Kuhusu kitu kilichowekwa katikati kabisa kikaonekana kimeteremka, hilo ni jambo la kawaida la jicho: kipandishe kidogo.

Dalili ya tano: rangi zilizochapishwa si zile za kwenye skrini

Skrini hutengeneza rangi kwa kujumlisha mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa hufanya kinyume: wino wa samawati, wa zambarau-nyekundu, wa njano na mweusi hupunguza mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Kuna rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi, hasa kijani kinachowaka, rangi ya chungwa kali na buluu ya umeme. Sababu ya kwanza kabisa, basi, ni faili lililosanifiwa kwa rangi za skrini na kubadilishwa na mashine dakika ya mwisho. Badilisha mwenyewe mapema, uone rangi zitakazokufa, uchague nyingine ungali na nafasi.

Sababu ya pili ni mwangaza wa skrini. Kompyuta nyingi za kazi zimewashwa hadi mwisho, na simu ya mteja ndiyo mbaya zaidi. Punguza mwangaza mpaka karatasi nyeupe iliyoshikwa kando ya skrini ifanane nayo, ndipo uhukumu. Kagua pia karatasi yenyewe, kwa sababu ile isiyong’aa hunywa wino na kuzifanya rangi zififie.

Sababu ya tatu ina historia nzuri. Mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika karakana ya kufuma mazulia ya Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alizipima akakuta rangi haikuwa na kasoro; kilichoidhoofisha ni rangi zilizofumwa kando yake. Alichapisha kitabu kuhusu jambo hilo mwaka 1839. Mteja akikuambia kwamba kijivu cha nembo yake kimekuwa na wekundu, tazama kwanza kama kimezungukwa na kijani. Kata karatasi nyeupe yenye tundu, ifunike kazi yote isipokuwa kile kijivu, mtazame pamoja. Kama kijivu kimerudi kuwa kijivu, badilisha jirani wala usiguse nembo.

Rangi ikiwa ilitoka sawa na kubadilika baada ya miezi, ni jua. Wino wa njano na ule wa zambarau-nyekundu hufifia upesi kuliko samawati na mweusi, ndiyo maana picha za kampeni za zamani kwenye kuta hubakia na nyuso za buluu. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna ukuta salama wa kudumu: ule unaotazama kaskazini hupigwa na jua kati ya mwishoni mwa Machi na Septemba, na ule wa kusini hupokea zamu yake miezi iliyobaki. Omba wino unaostahimili jua, au karatasi ya plastiki ya kinga juu yake.

Simama ikiwa rangi ni sehemu ya usalama au ya sheria. Alama za tahadhari kiwandani zina rangi zilizowekwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 7010, ambapo nyekundu hukataza, njano hutahadharisha, buluu huamrisha na kijani huonyesha njia salama. Usizibadilishe ili zifanane na sare za kampuni. Na kama kazi ni ya maelfu ya vifungashio, lipia nakala ya majaribio kutoka kwenye mashine ileile itakayochapa, ukae na fundi wa mashine mnapoikagua.

Dalili ya sita: picha imetoka na ukungu au vijisanduku

Hapa hakuna siri. Picha ni ndogo. Kwa kazi ya kushikwa mkononi hesabu pikseli 300, yaani nukta zinazounda picha, kwa kila inchi, hivyo A4 nzima inataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha sentimita 10 tu za kipeperushi. Ukiinyosha hadi bango la mita 3, kila pikseli itakuwa kisanduku cha milimita 2.5. Bango la kutazamwa kutoka mbali huvumilia pikseli chache kwa inchi, lakini si chache hivyo. Picha ikiwa imepitia WhatsApp, iombe tena itumwe kama faili, maana ikitumwa kama picha hubanwa. Hakuna programu inayorudisha kile ambacho hakikupigwa. Ikiwa mteja hana nyingine, iweke ndogo na uipe nafasi kubwa kuizunguka. Picha ya mtu anayetambulika itumike kwa idhini yake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu hata mwenye duka la picha.

Dalili ya saba: maandishi yana mito ya nafasi nyeupe katikati

Wanaosanifu ratiba za mazishi zenye wasifu wa marehemu katika safu mbili wanaijua dalili hii. Kielelezo walichokichukua kwenye kompyuta kilitengenezwa kwa Kiingereza chenye maneno mafupi, kisha kikajazwa Kiswahili, ambacho hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. “Walimsindikiza” haligawanyiki lenyewe, kwa hiyo kompyuta inayolazimishwa kunyoosha kingo zote mbili hutupa mapengo kati ya maneno yaliyobaki. Ukaguzi wa kwanza: ondoa unyooshaji wa ukingo wa kulia. Ikiwa familia inautaka, panua safu ifikie herufi 45 hadi 75 kwa mstari, hata kama ni kuacha safu mbili na kubaki na moja. Njia ya mwisho ni kukata maneno kwa silabi, wa-li-m-si-ndi-ki-za, kwa mkono. Usiiachie programu iliyofundishwa lugha nyingine, kwa maana itakata “ng’ombe” baada ya ‘n’.

Dalili ya nane: maneno ya pembeni yamekatwa au yamefichika

Rangi inayofika ukingoni ipite ukingo kwa milimita 3, na maneno yakae ndani kwa milimita 5 au zaidi, kwa kuwa kisu cha kukatia karatasi husogea. Turubai hukunjwa na kutobolewa matundu ya pete pembeni; uliza upana wa mkunjo kabla ya kusanifu. Bango la kusimama linalokunjwa kwenye kitako huficha sehemu yake ya chini, na huko ndiko watu hupenda kuandika nambari ya simu.

Dalili ya tisa: nembo inapendeza ikiwa kubwa na kupotea ikiwa ndogo

Vyama vya ushirika vya wavuvi na wakulima hupenda nembo inayosimulia kila kitu: ziwa, samaki, mtumbwi, jua linalochomoza, muhindi, mikono miwili iliyoshikana na jina kamili limezunguka duara. Mistari huwa myembamba, na vitu ni vingi kuliko eneo. Ipunguze hadi milimita 15, uitazame. Chagua kitu kimoja, ukichore kwa umbo lililojaa badala ya mistari, na uyatoe maneno nje ya duara. Ichore kwanza kwa nyeusi tupu. Rangi zije baadaye. Usitie ngao ya taifa ndani yake, kwa sababu matumizi yake yanalindwa na Sura ya 99 ya Sheria za Kenya, na ikiwa chama kitauza bidhaa kwa nembo hiyo, mwombe wakili au wakala afanye utafutaji na usajili katika KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, kabla ya kuchapisha hata gunia moja.

Kipimo cha mwisho ni muhuri wa mpira. Hauna rangi ya pili, hauna kivuli, na utagongwa na karani mwenye haraka kwenye risiti ya karatasi nyepesi. Ukiona samaki amegeuka doa, acha kompyuta kando urudi kwenye penseli.